Koti la Ulaya na Miti ya Shangazi Efrazia

Jumatatu, 5 Julai 1999

Ukungu tangu alfajiri. Baridi ya kung'ata masikio. Lakini siku kubwa!

Faksi imeingia ofisini saa nne. Bwana Mbaraka, mkuu wetu wa misitu hapa Lushoto, aliisoma kwa sauti huku karatasi ikijikunja mikononi. Vyuo viwili vya Ulaya vimeungana kufundisha misitu. Mwaka wa kwanza Ufini, mwaka wa pili Ujerumani. Ukimaliza unapewa shahada za uzamili mbili. Mbili! Watu wanahangaika maisha yao yote kutafuta moja. Ada wanalipa wao, nauli wanalipa wao. Wilaya yetu imepewa nafasi moja.

Mwombaji awe na shahada ya kwanza ya misitu. Ninayo. Awe mtumishi wa misitu. Ndimi. Awe hajatimiza miaka thelathini na mitano. Natimiza Desemba. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Na tena kuna habari ya kupunguza wafanyakazi. Inasemekana orodha ikitoka, wenye shahada moja ndio watakaotangulia kwenda kulima kabichi.

Ofisi nzima wenye sifa ni wawili. Mimi, na Mwanamisi wa kitaluni. Mwanamisi! Mtu anayeshinda na udongo mpaka magotini, na akitoka hapo anapanda milima na daftari kuwauliza wakulima maswali. Mimi nina meza. Ushindani haupo.

Mchana nilishuka sokoni, kwenye mitumba, nikanunua koti. Sufu nzito, rangi ya kahawia, linafika magotini. Lina mifuko miwili ya ndani. Kila shahada mfuko wake. Nimelivaa mpaka nyumbani, na watu wawili nisiowajua wameniamkia shikamoo.

Jumanne, 6 Julai

Nimesoma ukurasa wa pili wa faksi. Heri nisingeusoma.

Mwombaji aonyeshe kazi aliyoifanya na wakulima. Shamba la miti linapendelewa, miti iwe na umri usiopungua miaka miwili. Profesa mwenyewe, mama mmoja wa Kifini aitwaye Hilka, atakuja kukagua Jumamosi ya tarehe 17.

Shamba sina. Kwa miaka minne nimeandika ripoti kumi na sita kuhusu mashamba ya miti. Ripoti nzuri, zimepigwa taipu, nyingine zina ramani. Lakini shamba lenyewe, la kukanyaga, hapana. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lazima liwepo.

Mjinga angekata tamaa. Mimi nilipanda kwenda Ubiri kwa shangazi Efrazia.

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Aliachika zamani, akarudi kwao, babu akamkatia kipande cha shamba mteremkoni, kinatazama barabara. Hapo ndipo alipozeekea. Nilimkuta anafunga mizigo: binti yake Happiness amejifungua Tanga, naye anakwenda kumtazama mzazi kwa wiki mbili. Mungu hamtupi mja wake! Nilimwamkia vizuri, nikamwomba aniazime shamba nipande maharage.

Akauliza, maharage? Nikasema maharage. Akauliza, maharage tu? Nikasema tu, shangazi. Akasema sawa, ila la kuazima ni la kuazima: nipande kitu cha msimu, nivune, nimrudishie. Nikaitikia kwa adabu. Wazee nao hupenda kurudia maneno.

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba

Ofisi zimefungwa, nchi inapumzika. Mimi nimefanya kazi ya miaka miwili kwa nusu siku.

Jana jioni nilijaza fomu ya kutoa miche mia tatu kitaluni. Kwenye sababu niliandika: matumizi ya elimu. Wala si uongo. Nilichagua migrivea, miti ya mbao na kivuli, ile iliyopitiliza kwa kukosa wanunuzi, inanifika kifuani. Profesa akiuliza mbona mifupi kwa umri wake, nitasema ni ya aina ya mlimani.

Binamu yangu Valentino alikuja na pikapu na vibarua watatu. Kufika saa saba miti yote ilikuwa ardhini, mistari imenyooka kama gwaride. Valentino aliuliza kama viriba vya plastiki visitolewe kwanza. Nikamwambia viriba vinakinga mizizi na baridi. Ukweli ni kwamba koti lilikuwa halikunjiki, na kuinama mara mia tatu si kazi ya mtaalamu.

Akauliza tena kama shangazi anajua. Nikamwambia shangazi anajua maharage. Valentino aliitazama ile miti muda mrefu, akasema kitu kwa Kishambaa kuhusu Mungu na ukoo wetu, akawasha gari.

Nimesimamisha kibao: SHAMBA DARASA. MTAALAMU: S. SHEKIONDO. TANGU 1997. Rangi haijakauka, lakini inapendeza.

Ijumaa, 9 Julai

Miti imelala. Yote. Majani yananing'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Nimemlipa kibarua achote maji mtoni.

Mwanamisi alikuja mezani kwangu kuuliza miche yake mia tatu imekwenda wapi. Nikamwonyesha fomu. Akaisoma, akanakili namba yake. Akauliza imepandwa kwa nani. Nikamwambia ni siri ya kitaalamu. Akasema, haya kaka Sefania.

Kisha akaniambia mwenyewe, bila hata kubanwa, kwamba hana shamba la kumwonyesha Profesa. Ataonyesha daftari! Amewahoji wakulima sitini na wawili wanaolima mashamba ya kuazima, kwa nini hawapandi miti. Yaani atampelekea mama wa watu orodha ya sababu sitini na mbili za kushindwa. Nilimhurumia. Kalamu yake ilikuwa imekwisha wino, nikamwazima yangu.

Jumatatu, 12 Julai

Manyunyu tangu Jumamosi usiku. Miti imeinuka! Si yote, lakini ukiitazama kwa mbali, ukiwa ndani ya gari linalotembea, ni msitu.

Jana baada ya ibada nilimwomba mchungaji atangaze safari yangu wiki ijayo, usharika uniombee. Akauliza barua ya kukubaliwa iko wapi. Nikamwambia iko njiani. Akasema basi ikifika tutayaombea yote mawili, mimi na barua. Watu wengine hawana imani.

Nimeanza mazoezi ya theluji. Asubuhi nasimama uani bila koti kwa dakika ishirini. Leo nina mafua.

Alhamisi, 15 Julai

Balaa!

Shangazi amerudi. Mama mkwe wa Happiness naye alikwenda kumtunza mzazi, nyumba ikawa na wakubwa wawili, shangazi akaona bora arudi kwa kuku wake. Siku tisa! Aliniahidi wiki mbili. Hakuna tena watu wa kushika ahadi.

Alishuka garini, akaiona miti, akapiga yowe. Mteremko mzima ulitoka na majembe wakidhani ni mwizi. Valentino alinifuata ofisini. Nilifika nikiwa nimetayarisha maelezo matatu, lakini shangazi hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniharibia. Alikuwa amekaa chini kwenye mtaro, mzigo wa Tanga bado mapajani.

Akaniuliza taratibu, "Sefania, baba yako alinilinda katika shamba hili mpaka anaingia kaburini. Wewe ulingoja nishuke mlima nivuke Mombo tu?"

Nikasema ni miti ya muda. Akasema maharage ni ya muda, viazi ni vya muda, mti hauna muda. Hakuna mtoto Usambara asiyejua kwamba shamba la kuazima halipandwi mti, maana apandaye mti anasema hapa ni kwangu. Na akipanda mtoto wa kaka kwenye kipande cha shangazi aliyeachika, kila mtu anajua sentensi inayofuata: shangazi ahame.

Kujua, nilijua. Bibi yangu alinifundisha kabla sijaanza darasa la kwanza. Lakini siku zote nilidhani ile ni kanuni ya wakulima, haiwahusu wenye shahada.

Akaanza kuufunga upya ule mzigo, kana kwamba ndiye anayehama. Niliona haya. Kweli kabisa, niliona haya karibu dakika tatu nzima. Halafu nikakumbuka kwamba Jumamosi ni keshokutwa.

Ijumaa, 16 Julai

Kikao cha ukoo, barazani kwa Mzee Hezekia, mkubwa wetu. Nimekwenda na koti.

Ajabu ni kwamba nilipata wa kuniunga mkono. Baba zangu wadogo wawili, ambao hawajawahi kunisifia kitu, walisema miti ni mizuri sana, iachwe ikue, Sefania ni mtoto wa kiume wa ukoo na ana haki. Nilifurahi! Shangazi aliwatazama mmoja mmoja. Mzee Hezekia naye aliwatazama.

Kisha mzee akasema miti ing'olewe leo leo. Nikapiga magoti. Nikaomba siku moja tu. Nikaahidi kwamba kesho, mbele ya wageni, mbele ya ukoo, nitatamka kwa kinywa changu kwamba ardhi ni ya shangazi na miti ni ya shangazi. Mzee akasema nitatamka na pia itaandikwa. Shangazi akakubali. Nikatozwa faini ya beberu mmoja. Sina beberu. Wakasema watatafakari.

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu. Hawajui hesabu yangu. Ukoo nitautamkia kwa Kishambaa. Profesa nitamwambia kwa Kiingereza. Shangazi haelewi Kiingereza, Profesa haelewi Kishambaa, kila mmoja ataondoka na furaha yake. Hiyo ndiyo akili ya shahada mbili.

Jumamosi, 17 Julai

Niandike haraka kabla sijajihurumia.

Profesa Hilka alifika saa tano na Bwana Mbaraka. Mama mrefu, viatu vya kazi, amevaa sweta jepesi kana kwamba yuko Tanga mjini. Alipoona wazee akawaamkia, "Onga mshi!" Nikadhani anajua Kishambaa. Lakini ikawa ndilo neno pekee alilofundishwa hotelini. Nikapumua. Akalitazama koti langu, akatabasamu, akasema mama yake alikuwa nalo kama hilo hilo. Akanionyesha vifungo viko upande wa kike. Bwana Mbaraka alikohoa.

Nikasimama mbele ya kibao changu. Nikautamkia ukoo kwa Kishambaa safi: ardhi hii ni ya shangazi Efrazia, miti hii mia tatu ni yake, mimi sina hata jani moja. Wazee wakapiga makofi. Shangazi akafuta macho.

Profesa akageuka kuuliza nimesema nini. Na hapo ndipo nilipomwona Mwanamisi nyuma ya gari, na daftari lake. Bwana Mbaraka alimleta awe mkalimani!

Akatafsiri. Yote. Mpaka lile jani moja.

Nikacheka kidogo, nikamweleza Profesa kwa Kiingereza kwamba hizo ni heshima zetu za kimila, shamba ni langu la utafiti, nimelilea kwa miaka miwili. Shangazi akavuta kanga ya Mwanamisi, akauliza kijana anasema nini. Mwanamisi akatafsiri na hilo. Bila chuki wala kuongeza chumvi. Afadhali angeongeza chumvi, ningekuwa na la kukanusha.

Shangazi akasema miti ina siku kumi. Ikatafsiriwa.

Profesa akashika mche mmoja akauvuta kwa vidole viwili. Ukatoka mzima, na kiriba chake, kama kuvua soksi. Kwenye kiriba kulikuwa na mwandiko wa Mwanamisi wa wino usiofutika: tarehe ya kusia mbegu, Oktoba mwaka jana. Profesa akaniuliza kwa upole kwa nini nimepanda miti ndani ya plastiki. Nikasema baridi. Profesa akauegemeza mche kwenye kibao changu.

Halafu akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza: kwa nini huyu mama analia kwa ajili ya miti? Si watu hufurahia miti? Mwanamisi akafungua daftari.

Walikaa kwenye mtaro mpaka saa tisa. Profesa, Mwanamisi, shangazi, Mzee Hezekia. Wakulima sitini na wawili, mmoja baada ya mwingine. Nani aliazima kwa nani, nani alinyang'anywa, nani alipanda mpeasi mmoja tu na ndugu wakakosana miaka kumi. Profesa aliandika mpaka akaishiwa karatasi. Mimi nilishika mwavuli.

Mwisho Profesa akatoa fomu yake ya ukaguzi. Palikuwa na nafasi ya mwenye shamba na mwenye miti. Shangazi akaandika jina lake polepole, herufi kubwa, kote kuwili. Mzee Hezekia akaweka dole gumba kama shahidi, Bwana Mbaraka akapiga muhuri, na nakala moja akaachiwa shangazi. Baba zangu wadogo waliondoka bila kuaga. Sijui wana nini. Kama ni hasara, aliyepata hasara ni mimi.

Jumatatu, 19 Julai

Mwanamisi.

Profesa amemwambia Bwana Mbaraka kwamba amekagua mashamba ya miti katika nchi nyingi, lakini mara nyingi huonyeshwa miti, haonyeshwi sababu. Daftari la Mwanamisi ndilo litakalokuwa utafiti wake wa shahada zote mbili. Kuhusu mimi, Profesa alisema nami nitaingia ndani ya kitabu. Nikauliza, kama mtaalamu? Bwana Mbaraka akasema, kama mfano.

Nimehamishwa mezani. Kuanzia Agosti nitasimamia kitalu. Bwana Mbaraka anasema huko angalau nitajifunza kutoa viriba.

Na faini imetafakariwa. Kwa kuwa sina beberu, shangazi amechukua koti. Leo mchana amempa Mwanamisi zawadi ya safari. Limemkaa sawasawa, mabega mpaka mikono. Amenishukuru. Nilimwambia asisahau kwamba lina mifuko miwili ya ndani, halafu nikageuka kutazama mlima, maana macho yalikuwa yananiwasha.

Jumamosi, 28 Agosti

Mwanamisi ameondoka leo na basi la asubuhi. Shangazi alikuja stendi na kapu la mapeasi, akampa nusu. Koti limekwenda Ulaya. Mimi nimebaki na mafua.

Basi lilipopinda kona ya chini shangazi alinipa yale mapeasi mengine. Yeye na akina mama wa usharika walitoa viriba vyote, kimoja kimoja. Miti mia mbili na kumi na moja imeshika. Karatasi yenye muhuri ameiweka ndani ya Biblia. Baba zangu wadogo walipita wiki iliyopita, wakaitazama miti, wakasalimia, wakaenda zao. Kwa miaka ishirini, amesema, hajawahi kulala bila kuwaza siku watakapomhamisha. Sasa analala. Amesema nimemtendea wema bila kujua.

Nikamwambia nilijua tangu mwanzo, ndiyo maana nilipanda. Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo ya stendi. Sikuelewa kilichomchekesha.

Nirudi kwenye mambo ya maana. Bwana Mbaraka amesahau faksi nyingine juu ya meza yangu ya zamani. Kanada! Misitu, vyuo viwili, shahada mbili, mwisho miaka arobaini. Wanataka kuona shamba.

Mwanamisi ana kipande chake Magamba, atakiacha miaka miwili. Kabla hajapanda basi nilimwomba aniazime nipande maharage. Akaniuliza, maharage? Nikasema maharage. Akauliza, maharage tu, kaka Sefania? Nikasema tu.

Mchana nimekwenda kulitazama. Udongo mzuri, mteremko wa wastani, barabara inapita chini yake. Halina mti hata mmoja.